Reakta mtumba ya sabuni lita 2,000: dalali wa hapa Dar, India au Uingereza? Naombeni msaada wa kuwachuja wauzaji

SabuniTegeta:
Wakuu habari za leo. Natengeneza sabuni ya maji na dawa za kusafishia, mpaka leo tunakoroga kwenye mapipa ya plastiki ya lita 200 kwa mwiko, oda zimetuzidi. Nataka reakta, yaani tenki la stenlesi lita 2,000 lenye jaketi (ukuta wa pili wa nje) la kupashia moto na mkorogo wa mota. Jipya siliwezi kwa hiyo natafuta mtumba, na nimepata watatu. Wa kwanza dalali, tenki lipo yadi Vingunguti, bei yake ndo ya chini kabisa, anasema limetoka kiwanda kilichofungwa ila karatasi hana hata moja. Wa pili muuzaji wa Ankleshwar kule Gujarat, bei ya kati kabla ya usafiri. Wa tatu kampuni ya Uingereza, bei juu kidogo lakini picha zake zinang'aa na wanajibu haraka sana. Hela ni mkopo wa kikundi, tuko akina mama 14 tumedhaminiana, nikitapeliwa mimi wametapeliwa wote. Nyie huwa mnawachunguzaje hawa watu kabla hamjatoa hata shilingi?

FundiStenlesi:
Dada anza na huyo wa Vingunguti kwa sababu tenki lake unaweza kuligusa leo, hiyo ni faida kubwa kuliko hao wawili. Ila usidanganyike na sumaku. Watu wanaenda na sumaku, haishiki, wanasema hii ni stenlesi ya daraja la 304 safi, wakati stenlesi ya 201 nayo haishiki na nikeli yake ni kidogo sana ukilinganisha na 304 yenye kama asilimia 8, kutu itakuja mapema. Na kuna 304 halisi inashika kidogo kwenye mikunjo kwa sababu ya kukunjwa, ukaikataa bure. Kinachomaliza ubishi ni ile bunduki ya kusoma madini, kampuni za ukaguzi wanazo, unapiga sehemu nne tano pamoja na kwenye mshono na unapata majibu papo hapo. Halafu nikuulize, sabuni yako unaifanya nzito kwa chumvi?

SabuniTegeta:
Ndiyo, chumvi ya kawaida, wote tunatumia hiyo.

FundiStenlesi:
Basi tafuta daraja la 316L, usikubali 304. Chumvi na moto vinaitoboa 304 vidoti vidoti, na vidoti vikianza kwenye mshono wa ndani ya jaketi huvioni mpaka maji ya jaketi yaingie kwenye sabuni. 316 ina molibdeni asilimia 2 hadi 3, ndo inayovumilia chumvi. Kama na jiki unatengeneza, hiyo usiiweke kwenye stenlesi yoyote, baki na plastiki.

Pwani_Klia:
Mimi niko Mombasa, kazi yangu kutoa mizigo bandarini, chuma sikijui ila karatasi nazijua. Mwaka 2019 nilimwamini muuzaji wa nje nikalipa asilimia 30 ya mashine ya kujaza chupa, akaunti ilikuwa ya jina la mtu, nikaambiwa huyo ndo mkurugenzi wao, mashine sikuiona na hela sikuiona tena. Tangu siku hiyo silipi kabla ya mambo haya.

Huyo wa Gujarat mwombe namba yake ya GST, ndo namba ya kodi ya biashara kule India. Ina herufi na tarakimu 15, mbili za mwanzo ni za jimbo na Gujarat ni 24. Ukiiingiza kwenye tovuti ya serikali yao inakuletea jina la biashara, tarehe aliyosajiliwa na kama bado iko hai, bure kabisa. Wa Uingereza mtafute Companies House, msajili wa kampuni wa kule, nako bure, unaona kampuni imeanza lini, wakurugenzi ni nani, hesabu wanapeleka au hawapeleki. Kampuni inasema ina uzoefu wa miaka 20 na imesajiliwa mwaka jana, hapo umeshajua. Wa Dar kama anadai ana kampuni, mtafute BRELA, wanaosajili kampuni hapa Tanzania.

Kisha benki. Jina la akaunti lifanane na jina la usajili herufi kwa herufi. Kwenye msimbo wa SWIFT, ule wa kutambulisha benki kimataifa, angalia herufi ya tano na ya sita, hizo ndo nchi, India ni IN, Uingereza GB. Muuzaji wa Uingereza anakupa akaunti ya nchi nyingine, simama. Na ikija imeili katikati ya safari kwamba "tumebadilisha benki", piga simu kwa namba uliyoipata mwenyewe kwenye usajili, siyo ile iliyo kwenye imeili, maana wezi wanaingia kwenye imeili ya muuzaji mwaminifu wanasubiri siku ya invoisi.

Mkemia_Moro:
Wote mmeongea vizuri ila mbona hakuna aliyeuliza hilo tenki lilikuwa linapika nini? Ankleshwar ni mji wa viwanda vya dawa za wadudu, rangi za nguo na kemikali za kila aina. Tenki lililopika sumu ya wadudu miaka kumi halisafishwi kwa maji na sabuni, sumu inakaa kwenye sili, kwenye valvu ya chini, kwenye gasketi. Omba karatasi ya usafishaji inayotaja kemikali ya mwisho kwa jina, iwe na sahihi ya kiwanda kilichokuwa na tenki. Ya dalali pekee haitoshi. Japani mwaka 1968 mafuta ya kula ya pumba za mchele yaliwaumiza watu wengi sana kwa sababu mafuta ya kupashia moto yenye PCB, kemikali ya sumu, yalivuja kutoka kwenye bomba yakaingia kwenye chakula. Sabuni yako watu wanaoshea vyombo na watoto. Kwa hiyo jaketi nalo uliza, lilikuwa linapita mvuke au mafuta, na mafuta gani.

kibuyu_cha_asali:
Mi nitatofautiana kidogo, kwa nini usiende kwenye mnada wa kiwanda chenyewe badala ya hawa watatu? Pale fundi wa zamani bado yupo, anakwambia tenki lilifanya nini. Bei nayo inashuka.

FundiStenlesi:
Wazo zuri ila mnadani mara nyingi unauziwa kama kilivyo, hakuna kujaza maji kwenye jaketi uone kama linavuja, na kulitoa ndani ni juu yako, nimeona paa likibomolewa. Kama fundi wa zamani yupo kweli basi nenda.

Na wakuu, pleti ya jina kwenye tenki ndo cheti cha kuzaliwa. Iwe na namba, mwaka, presha na joto la mwisho. Pleti imeng'olewa au imechomelewa upya, ondoka. OSHA, wale wa usalama kazini, watakuja kukagua kitu cha presha na utawaonyesha nini?

SabuniTegeta:
Narudi na majibu, nimewaandikia wote watatu ombi lilelile: video ya leo inayoonyesha pleti, historia ya tenki, na ruhusa ya kuleta mkaguzi wangu ajaze jaketi maji ya presha. Dalali wa Vingunguti amesema nilipe nusu kwanza ndo fundi aje. Wa Uingereza picha zake nimezitafuta kwa Google nikazikuta kwenye tangazo la kampuni nyingine tofauti kabisa, limeandikwa limeuzwa, na nilipomuuliza akanipa punguzo badala ya jibu. Wa Gujarat ametuma video siku ya pili, tarehe ameiandika kwa chaki ubavuni mwa tenki, pleti inasomeka 316L, GST inaanza na 24 na jina linafanana na la benki. Ila anasema tenki lilikuwa linapika rangi za nguo na karatasi ya kiwanda "anaitafuta".

Mkemia_Moro:
Bila hiyo karatasi usilipe. Mpe wiki mbili. Akiipata, mwambie mkaguzi afungue valvu ya chini na sili ya mkorogo mbele ya kamera, afute kwa kitambaa cheupe chenye maji ya moto. Rangi ina uzuri mmoja, ikibaki inaonekana.

Pwani_Klia:
Na malipo yaende kwa barua ya dhamana ya benki (LC), ile ambayo benki inamlipa muuzaji akishaleta hati zilizokubaliwa, ripoti ya mkaguzi iwe mojawapo ya hati za kulipwa. Benki ikikuambia gharama yake njoo uandike hapa, kuna wengine tunaisubiri.