Vampire Hunter D: ya mwaka 1985 au ya mwaka 2000?

Mpenda Michoro (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, salaam. Naomba tuzilinganishe filamu mbili za katuni zinazomhusu mhusika mmoja, D, mwindaji wa vampaya (wanyonya damu) ambaye mwenyewe ni chotara wa vampaya na binadamu: Vampire Hunter D, iliyotoka Desemba 1985 ikiongozwa na Toyoo Ashida, na Vampire Hunter D: Bloodlust ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Yoshiaki Kawajiri katika studio ya Madhouse. Zote zimetokana na riwaya za Hideyuki Kikuchi, zilizoanza kuchapishwa Japani mwaka 1983 zikiwa na michoro ya Yoshitaka Amano. Ya kwanza inafuata kitabu cha kwanza, na ya pili inafuata cha tatu, kwa hiyo ile ya 2000 si mwendelezo wa ile ya awali na mtazamaji anaweza kuanza na yoyote.

Msimamo wangu nautanguliza mapema. Ya mwaka 2000 inapendeza macho zaidi, lakini ya mwaka 1985 ndiyo iliyoelewa vampaya ni nani katika ulimwengu huu. Kwa Kikuchi, wanyonya damu si mizuka ya makaburini. Ni tabaka la watawala, makabaila walioimiliki dunia kwa maelfu ya miaka baada ya ustaarabu wa binadamu kuangamia, na sasa enzi yao inafifia huku wanavijiji wakiendelea kuishi chini ya kivuli cha kasri zao. Filamu ya Ashida inaanzia hapo hapo. Doris Lang, yatima anayeishi shambani na mdogo wake Dan, anang'atwa usiku na kabaila Magnus Lee, na tangu saa hiyo anahesabiwa kuwa mali ya mtu. Hana fedha za kumlipa mwindaji, hivyo anamwahidi D milo mitatu kwa siku na nafsi yake mwenyewe. Lee, kwa upande wake, wala hasukumwi na njaa: ameishi muda mrefu mno hata maisha yamemchosha, na kuoa msichana wa kibinadamu ni namna yake ya kujiliwaza. Kinachonitisha ni hicho hasa, kwamba maisha ya mtu yanavurugwa ili mkubwa apate kitu cha kupitishia wakati.

Kisha litazameni lile tukio ambapo Greco, mwana wa meya, aliyemtaka Doris akakataliwa, anaifichua alama ya meno shingoni mwake mbele ya watu. Nyuso za majirani zinabadilika papo hapo, na wanaanza kuzungumzia kumtenga kana kwamba kosa ni lake. Hakuna damu inayomwagika pale, wala hakuna zimwi, na bado sijaona katika filamu ya 2000 tukio linalokaza moyo kiasi hicho. Ninyi mnaonaje?

Binti wa Pwani

Kaka, nimekusoma kwa makini, na kuhusu Doris nakubaliana nawe. Hata hivyo nadhani unaidhulumu filamu ya Kawajiri unapoisifu kwa macho tu. Dakika zake za mwanzo hazina maneno karibu kabisa: gari la farasi linapita mjini usiku, misalaba inapinda yenyewe, maji yanaganda, maua yananyauka, na msichana aitwaye Charlotte anatoweka chumbani mwake. Mtazamaji anaamini kwamba ameona utekaji. Baadaye anagundua kwamba Charlotte aliondoka kwa hiari, kwa sababu anampenda Meier Link, na kwamba Meier, akiwa kabaila wa damu safi, amejizuia muda wote asimng'ate. Swali linageuka mikononi mwetu: D ameajiriwa na baba na kaka wa msichana kumrudisha binti ambaye hataki kurudishwa. Je, anayemwinda ana haki?

Wewe unasema ya 1985 imeielewa dhuluma ya makabaila. Mimi nasema ya 2000 imeuliza jambo gumu zaidi, yaani kama kabaila mmoja anaweza kuikataa desturi ya tabaka lake, na kama watu waliodhulumiwa na tabaka hilo wanaweza kumwamini. Jibu la filamu ni la kuumiza, kwa kuwa Meier anashikilia ahadi yake hadi mwisho na bado Charlotte anakufa, kwa mkono wa Carmila, mzimu wa kabaila wa zamani aliyeitaka damu yake ili afufuke.

Mwalimu wa Sanaa

Ninafundisha uchoraji, kwa hiyo nitaomba niruhusiwe kukaa kidogo kwenye michoro, maana neno "nzuri kwa macho" linaficha mengi.

Michoro ya Amano imejengwa kwa mistari myembamba inayotiririka, nywele na majoho yanayoyeyuka kwenye wino, na nyuso ambazo nusu yake haikuchorwa kabisa. Mchoro wa namna hiyo unapendeza ukiwa umetulia ukurasani, lakini katuni ya mkono hudai mhusika mmoja achorwe maelfu ya mara bila kubadilika sura, na mstari mwembamba ukitetereka kidogo tu jicho linauona. Filamu ya 1985, iliyotengenezwa na Ashi Productions na kulengwa hasa kwa soko la kanda za video, iliurahisisha mstari huo: nyuso ni za mviringo, macho ni makubwa, na Doris anafanana na mashujaa wa kike wengi wa katuni za Kijapani za wakati wake. D anabaki na kofia pana na joho, lakini umbo la Amano limepotea kwa sehemu kubwa. Mandhari ya nyuma ndiyo inayoiokoa, kwa maana ile bluu na kijani kibichi cha usiku, na kasri la Lee lenye njia za chini ya ardhi ambamo D anakutana na wale wanawake watatu wa nyoka, vimechorwa na watu walioipenda giza.

Mwaka 2000, Yutaka Minowa aliwasanifu wahusika kwa kumrudia Amano: viungo virefu, vidole vyembamba, midomo iliyochorwa kwa uangalifu, na joho linalosogea kama lina uhai wake. Ukitaka kupima kazi hiyo, mtazameni D anapovuka jangwa akiruka na farasi wake wa mitambo juu ya migongo ya viumbe wakubwa bapa wanaoibuka mchangani, wanaofanana na samaki bapa aitwaye taa. Kila kitu pale kinasogea kwa wakati mmoja, mchanga, viumbe, farasi, kitambaa, na bado mstari hautetereki. Kwa mchoraji hilo ni jambo la kuheshimiwa sana.

Ninachokiona kama upungufu wa 2000 ni kwamba uzuri wake hausinzii. Kila dirisha lina urembo, kila ukuta una sanamu, na kasri la Chaythe, anamokaa Carmila, limejazwa mapambo hata hofu inakosa mahali pa kukaa. Ya 1985 ina picha nyingi zenye nafasi wazi, pengine kwa sababu ya uchache wa fedha, na katika uwazi huo mtu husubiri kitu kitokee. Muziki nao umegawanyika hivyo hivyo: Tetsuya Komuro alitumia vinanda vya umeme, vyenye sauti baridi ya mbali, ilhali Marco D'Ambrosio aliiandikia ya 2000 muziki mzito wa okestra unaomwambia mtazamaji mapema ajisikie vipi.

Mama Rahma

Naomba niongeze neno moja kwa wazazi. Kwa sababu ni katuni, watu huwawekea watoto na kwenda jikoni. Zote mbili si za watoto. Ya 1985 ina uchi na watu wanaopasuliwa. Ya 2000 ina mauaji mengi, ingawa haina uchi wa namna ile. Mimi ningezitazama watoto wakishalala, na kwa kijana mkubwa ningeanza na ya 2000.

Msomaji wa Riwaya

Mwanzisha mada ametaja makabaila, nami ningependa kulipeleka jambo hilo mbele, kwa kuwa hakuwagusa wahusika wawili ambao kwangu ndio uti wa filamu ya 1985. Wa kwanza ni Rei Ginsei, mtumishi wa Lee mwenye uwezo wa kupinda anga hata pigo la adui linamrudia mwenyewe. Anafanya kila uovu anaotumwa kwa tumaini moja tu, kwamba siku moja atafanywa kabaila, na mwisho anauawa na bwana aliyemtumikia. Wa pili ni Lamika, binti wa Lee, anayewadharau binadamu kuliko baba yake anavyowadharau, mpaka anapoambiwa kwamba mama yake alikuwa binadamu na kwamba yeye ni chotara sawasawa na D. Anachagua kubaki ndani ya kasri linapoporomoka. Filamu hii yenye dakika 80 tu imepata nafasi ya kuonyesha jinsi utawala unavyowaharibu mtumishi anayeutamani na mtoto aliyezaliwa ndani yake.

Wazee wetu walipotuonya kuhusu mumiani, hawakutuonya kuhusu mzuka. Walituambia ni mtu aliyetumwa na wenye nguvu kuchukua damu ya wanyonge. Kwa mtazamaji aliyekua na habari hizo, Magnus Lee anaeleweka bila maelezo yoyote.

Kuhusu ya 2000, naona imejaza watu mno. Wapo ndugu wa ukoo wa Markus, wawindaji wanaoshindana na D, yaani Borgoff, Nolt, Kyle, na Grove ambaye mwili wake umelala kitandani huku roho yake ikitoka kupigana, yupo Leila, mwindaji mwenzao, wapo walinzi watatu wa Meier kutoka kijiji cha Barbarois, Benge, Caroline na Mashira, kisha Carmila anaingia karibu na mwisho na kuwa adui mkuu. Wengi wanakuja, wanaonyesha ufundi wao wa kuua, wanakufa. Carmila hasa hakuandaliwa vya kutosha.

Binti wa Pwani

Kuhusu Carmila ndugu yangu umesema kweli, na hapo siitetei filamu. Lakini umemtaja Leila kwa neno moja, ilhali yeye ndiye anayebeba uzito wake wote. Anawinda kwa sababu wanyonya damu walimwachia uyatima, na anapomwona D akiwa hoi, amezikwa ardhini chini ya mti ili apone madhara ya jua ambayo humpata kwa kuwa ni chotara, anabaki kumlinda badala ya kumwacha. Wanapozungumza baadaye anakiri kwamba anaogopa kufa bila mtu wa kumlilia, na wanakubaliana kwamba atakayebaki hai atapeleka maua kwenye kaburi la mwenzake. Ya 1985 haina mazungumzo ya namna hiyo. D wa Ashida anakuja, anaokoa, anaondoka, na Doris anabaki akimtazama.

Msafiri wa Kaskazini

Jambo la sauti halijaguswa, na linabadilisha sana hukumu ya mtazamaji. Sauti ya Kiingereza ya filamu ya 2000 ndiyo iliyorekodiwa kwanza, kwa hiyo kuitazama kwa Kiingereza si kuipunguza. Ya 1985 ni kinyume chake: Kiingereza kilichozoeleka, kilichotolewa na Streamline Pictures mwaka 1992, kina ukavu unaomfanya Doris asikike mtoto, na waliomsikia Kaneto Shiozawa akimsemea D kwa Kijapani wanajua kwamba upole wa sauti yake ndio unaompa mwindaji huyo hadhi. Ningewashauri wanaoikataa ya zamani waitazame tena kwa Kijapani na maandishi ya chini kabla ya kuihukumu.

Mpenda Michoro (mwanzisha mada)

Dada, hoja yako kuhusu Leila imenigusa, na naikubali. D wa Bloodlust ana mtu wa kuzungumza naye, ukiacha ule mkono wake wa kushoto wenye uso na ulimi mrefu wa maneno, ambao katika filamu zote mbili ndio pekee unaomwambia ukweli. Hata hivyo upweke wa D wa 1985 nauona kuwa na maana yake. Lee anapotambua kwamba anayepigana naye ni mwana wa Dracula mwenyewe, anaelewa kwamba mtoto wa enzi yao wenyewe ndiye aliyekuja kuifunga. Mtu wa namna hiyo hawezi kukaa shambani kwa Doris, na filamu haikutafuta njia ya kumfariji mtazamaji.

Mwalimu, nina swali kwako: kama filamu ya 1985 ingechorwa upya leo kwa mstari wa Minowa, ungekubali kuziondoa zile nafasi wazi?

Mwalimu wa Sanaa

Ningekataa. Ningembadilisha Doris na D, ningemwacha Lee kama alivyo, na ile barabara ya usiku yenye farasi mmoja nisingeigusa hata kwa kalamu.