Dada yangu anatibiwa sonona, amepata nafuu ila hajapona. Tufanye nini?

Nduguye Mwalimu (mleta mada):
Habari zenu, wakuu. Dada yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, ametumia fluoksetini miligramu 20 kwa miezi mitatu sasa. Halii tena na anakula vizuri, lakini hana hamu ya jambo lolote na huamka saa tisa usiku. Mjomba amemwambia aache vidonge kabla havijamzoesha. Je, tiba imefikia mwisho?

Tabibu wa Zamu:
Pole, ndugu. Haijafika, kwa sababu mgonjwa anayeacha tiba akiwa na dalili zilizosalia ndiye anayerudiwa na ugonjwa kwa urahisi. Mwombeni daktari ampime tena kwa dodoso la maswali tisa (PHQ-9), ambalo alama zake hufika 27 na lengo ni kushuka chini ya 5. Miligramu 20 ni dozi ya kuanzia. Daktari anaweza kuipandisha, kubadilisha dawa au kuongeza tiba ya mazungumzo. Katika utafiti wa Marekani uitwao STAR*D, uliochapishwa mwaka 2006, takriban theluthi moja tu ya wagonjwa walipona kwa dawa ya kwanza. Iwapo humeza jioni, aulize kuhusu kumeza asubuhi, maana dawa hii huweza kuvuruga usingizi. Daktari achunguze pia tezi ya shingo, na ajue kama aliwahi kuwa na siku za uchangamfu uliopita kiasi bila kulala, kwani hali hiyo hutibiwa kwa njia nyingine.

Mwulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Bibi Mkunde:
Mimi niliagizwa kupanga shughuli ndogo na kuzitekeleza bila kungoja hamu, nayo hamu ikafuata taratibu. Vikundi navyo visidharauliwe: katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wanavijiji waliokutana kila wiki, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa, walipungukiwa sana na sonona.

Nduguye Mwalimu:
Asanteni sana. Mjomba nimjibuje?

Tabibu wa Zamu:
Mwambie kwa heshima kwamba dawa hizi hazileti uraibu, ila hazikatwi ghafla. Akishapona ataendelea nazo kwa miezi sita au zaidi, kisha daktari atazipunguza. Ikiwezekana, mjomba mwenyewe amsindikize kliniki.