Saladi ya makaroni na kuku ya shughuli, naifanyaje isikauke?

Habari zenu wapendwa, Jumamosi tuna kipaimara cha mtoto wa dada hapa Dar, watu kama 40 hivi na pilau ipo, mimi nimepewa saladi ya baridi ya makaroni na kuku. Nataka nipike usiku wa Ijumaa, je asubuhi haitakuwa imekauka? Na makaroni kiasi gani?

Bi_Mapishi: Shoga, kwa kuwa pilau ipo, kilo 2 zinatosha kabisa. Maji yatie chumvi ya kutosha, makaroni yaive vizuri yasibaki na kiini maana yakipoa yanakaza, halafu suuza na maji ya baridi, chuja mpaka yakauke, tia mafuta kidogo. Kuku chemsha na tangawizi na kitunguu saumu, mchambue akishapoa. Mayonezi changanya nusu tu usiku, nusu ubaki nayo uongeze asubuhi na ndimu, hapo ndo siri ya kutokauka, makaroni yanakunywa sana yakilala. Hoho, karoti na mahindi tia usiku, tango na nyanya asubuhi maana zinatoa maji.

kaka wa jikoni: Naongezea kuhusu joto jamani, kwa joto la Dar isikae mezani zaidi ya saa moja, na likiwa limepungua ni masaa mawili mwisho. Gawa kwenye mabakuli madogo, mengine yabaki kwenye deli la barafu, utoe moja moja.

Muulizaji: Asanteni sana! Mayonezi naweza kupunguza na mtindi?

Bi_Mapishi: Ndio dada, ule mzito usio na sukari.