Redio wametuahidi albamu nzima ya Michael Kiwanuka, wakatupigia vipande. Huu ni uhuni!

Wakuu, nimekereka vibaya sana.

Wiki nzima mtangazaji wa kipindi fulani cha usiku (kituo sikitaji, wenyewe wanajijua) alikuwa anatutangazia kwamba Jumapili atapiga Home Again, albamu ya kwanza ya mwimbaji Michael Kiwanuka, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa kumi, bila kukata. Watu tukakaa mkao wa kusikiliza.

Kwanza anamtambulisha kama Mmarekani. Mmarekani wa wapi? Jamaa kazaliwa London mwaka 1987, kakulia Muswell Hill, na wazazi wake ni Waganda walioikimbia nchi yao enzi za Idi Amin. Halafu kipindi chenyewe kinasikika mpaka huku kwetu Kagera, mkoa ambao majeshi ya Amin yaliuvamia mwaka 1978! Huku wazee bado wanamkumbuka Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, aliyekamatwa na watu wa Amin mwaka 1972 akauawa. Sisemi ni ndugu. Nasema mtu ukiliona jina hilo kwenye jalada, unauliza kabla hujafungua maiki.

Hilo ningemezea. Lililonichoma ni nyimbo zenyewe.

Tell Me a Tale ndiyo inafungua albamu. Ile filimbi na vyombo vya kupuliza vinavyomzunguka mwimbaji ndiyo raha yake, na kuna sehemu anawaachia wapigaji wafanye kazi yao. Hapo hapo, mtangazaji kaona mwimbaji kanyamaza, basi wimbo umeisha: tangazo la kubeti! Ikaja I'm Getting Ready, gitaa linachezwa taratibu kwa vidole, sauti iko karibu kama mtu anayeomba dua peke yake. Akasoma salamu za wasikilizaji juu yake. Zote! Rest hakuipiga kabisa. Bones hakuipiga. Worry Walks Beside Me, wimbo wa kufunga, ukakatwa kupisha taarifa ya habari.

Ndugu zangu, albamu hii ni ya utulivu. Paul Butler wa kundi la The Bees aliirekodi kwenye studio yake kisiwani Wight, Uingereza, na ukivaa spika za masikioni unasikia kabisa waliacha nafasi kati ya chombo na chombo kwa makusudi. Nafasi hizo ndizo huyu bwana kaziona ni mahali pa kuchomekea maneno yake. Bora asingeipiga kabisa.

Na mwisho akahitimisha kwamba kijana anamuiga Bill Withers tu, yule mwimbaji wa soul wa Marekani. Kufanana kupo, tangu 2012 watu wanalisema hilo na mimi silikatai. Lakini kuiga? Huyu ni mtu aliyeanza kwa kuwapigia gitaa wasanii wa rap wa London kina Chipmunk na Bashy, mwaka 2011 akawa anafungua maonyesho ya Adele, Januari 2012 BBC wakamtaja kuwa sauti ya mwaka hata albamu haijatoka. Ilipotoka Machi alikuwa na miaka 24, ikafika namba 4 Uingereza na ikaingia kwenye orodha ya mwisho ya Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka huko Uingereza. Haya yote yanapatikana kwa simu ya mkononi ndani ya dakika tano. Mtu analipwa mshahara kuyajua!

Nimewatumia ujumbe, kimya. Ninachodai ni kimoja: Jumapili ijayo warudie. Nyimbo zote kumi kwa mpangilio wake, hata saa moja haifiki. Matangazo wayaweke kabla na baada, salamu wasome siku nyingine, na wamtambulishe kijana kwa asili yake.

Mliosikiliza mko wapi? Watumieni ujumbe na nyie, mmoja wakimpuuza wasiweze kutupuuza wote.