Nishani ya Rawson: nani alimvisha nani?

MLETA MADA
Wakuu, hili tulijadili bila matusi.

Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Uingereza zilianza kulipiga kwa mizinga jumba la Sultani pale Unguja. Ndani alikuwemo Seyyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti siku mbili tu, tangu kufa kwa Seyyid Hamad, bila ridhaa ya konsuli wa Kiingereza. Aliyeongoza manowari ni Admeri Harry Rawson. Shughuli haikutimiza hata saa moja. Upande wa Khalid watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Rawson baharia mmoja aliumia vibaya, akapona.

Tarehe 8 Februari 1897 Rawson akatunukiwa na Sultani aliyefuata, Seyyid Hamoud bin Mohammed, Nishani ya Nyota Ing'aayo ya Zanzibar, daraja la kwanza. Sasa sikilizeni: nishani hiyo aliianzisha Seyyid Barghash, babake Khalid! Nishani ya baba inakwenda kupamba kifua cha aliyemmiminia mtoto makombora. Mimi naiita stakabadhi ya kazi, si heshima. Nipingeni.

MCHANGIAJI, TANGA
Mkuu, unamwonea Seyyid Hamoud bin Mohammed. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890 na Khalid alilijua hilo. Aliambiwa ateremshe bendera na atoke kabla ya saa tatu, akagoma. Hamoud ndiye Sultani aliyefuta utumwa kisheria, Aprili 1897. Mfalme humvisha nishani amtakaye. Barghash mwenyewe, 1877, si alimchukua luteni wa majini wa Kiingereza, Lloyd Mathews, amfundishie askari? Mbona hamumsemi?

MCHANGIAJI, UNGUJA
Sheikh wangu, Barghash alimchukua Mathews akiwa na kiti chake. Hamoud alikalishwa kitini mchana wa siku ile ile, moshi wa jumba haujatua. Tena kuna jambo watu hawalitaji: ofisa wa Malkia hakuruhusiwa kuvaa nishani ya kigeni mpaka apate kibali kwao. Rawson alikipata 18 Juni 1897. Basi hesabu mwenyewe. Aliyetoa kawekwa na Waingereza, aliyepokea Mwingereza, kibali cha kuvaa cha Waingereza. Zanzibar hapo imebakiza jina tu. Na jina la nishani yenyewe kwa Kiarabu linaniuma: al-Kawkab al-Durri, nyota ing'aayo, maneno yaliyomo katika Suratun-Nur, aya ya 35.

MCHANGIAJI, MOMBASA
Mwezi ule ule wa nishani Rawson alikuwa kazini kwengine. Mji wa Benin, katika Nigeria ya leo, uliangukia mikononi mwake 18 Februari 1897, na zile sanamu za shaba zilizojaa makumbusho za Ulaya ndiko zilikotoka. Khalid naye alikimbilia kwa konsuli wa Kijerumani, akavushwa Dar es Salaam. Waingereza wakamkamata 1916, wakampeleka uhamishoni, na mwisho alifia huku kwetu, 1927. Sijui nani amewahi kumpa yeye nishani.

MCHANGIAJI, TANGA
Mombasa, Benin si mada. Hamoud angefanya nini? Akatae?

MLETA MADA
Hapo ndugu yangu wa Tanga umenishika, na nabadilisha neno langu moja. Niliandika kana kwamba Hamoud alikuwa akifanya biashara. Lakini kumbukeni ile Glasgow, meli ya Barghash, iliyozamishwa bandarini asubuhi ile. Ilizama maji yasimalize milingoti, ikabaki imechomoza mbele ya mji mpaka 1912 meli ilipovunjwa. Hamoud alifariki 1902. Usultani wake wote, kila alipotazama bandarini, milingoti ilikuwa pale. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuambiwa nishani ampe nani.