Watu wa Kibokoni: mikebe ya shule

[Jumamosi 19:42] Mama Nuru: Asalam aleikum. Shule ni Jumatatu. Watoto 6, nyumba 3, na kila mmoja aamka alfajiri kukaanga peke yake. Tugawane. Jumatatu mahamri, Jumanne katlesi, Jumatano chapati na mayai, Alhamisi wali. Nani achukua lipi?

[19:58] Mama Nuru: Nawaona mumesoma.

[20:15] Mama Twaha: Waleikum salaam. Katlesi zangu. 3 kwa kila mtoto, 18. Viazi kilo moja na nusu, nyama ya kusaga nusu kilo. Viazi nachemsha na maganda yake, vikimenywa kwanza hunywa maji, katlesi zikapasuka kwenye mafuta. Nafinyanga usiku, zalala frijini, asubuhi nachovya yai nakaanga.

[20:17] Ami Saidi: Na sisi wa bandarini hatuna mkebe? 😂 Nitilieni 4 na chatne ya ukwaju

[20:18] Mama Twaha: 😂😂 Leta viazi kwanza Ami

[20:18] Ami Saidi: Vya Marikiti au vya Kongowea?

[20:20] Mama Nuru: Ami tafadhali. Wali nani?

[20:31] Mama Rahma: Mimi. Wa nazi, na mbaazi.

[20:33] Mama Nuru: Wa nazi hapana. Wapikwa alfajiri, wafunikwa ungali watoa moshi, jasho larudi ndani. Saa sita mtoto afungua mkebe, wali una utelezi na umechacha. Muhula uliopita tuliyaona.

[20:36] Mama Rahma: Kilichoharibu si nazi, ni mfuniko kufungwa moto. Na aliyefunga si mimi.

[20:36] Mama Rahma: Na tukitaja mikebe, wangu wa mfuniko wa kijani u wapi?

[20:37] Ami Saidi: Ule wa arusi ya Likoni! Ulibaki ferini huo 😂

[21:50] Baba Nuru: 👍

[21:51] Mama Nuru: 👍 ya nini?

[22:05] Bibi: Wanangu. Wali wa nazi ni wa kuliwa papo hapo, hauwekwi mkebeni mpaka adhuhuri na joto hili. Watieni kitu kikavu. Na aliye na mkebe wa Mama Rahma aurudishe.

[22:09] Mama Twaha: Twasikia Bibi. Lakini hata hamri lina tui?

[22:12] Bibi: Tui la hamri limeingia ungani na kupita kwenye mafuta. Lile la wali li maji.

[22:20] Mama Nuru: Sawa Bibi. Mahamri nafanya mimi, unga kilo moja, matonge 8, kila tonge vipande 4, ni 32. Yakitoka karaini yakae wazi kwenye ungo mpaka yapoe kabisa ndipo yatiwe mkebeni. Chupa za maji zijazwe robo tatu tu, zigandishwe usiku, maji yakiganda hufura na chupa hupasuka. Asubuhi chupa ikae ubavuni mwa mkebe. Kashata za njugu msitie, darasani mwa Nuru kuna mtoto zamdhuru.

[Jumapili 11:14] Mama Sada: Samahani, ndiyo naona sasa. Jumatano yangu. Mayai dakika 10, yasimenywe nyumbani, ganda layalinda. Chapati nazikunja zikishapoa.

[11:20] Mama Nuru: Ahsante. Alhamisi je? Mama Rahma?

[13:02] Mama Nuru: Mama Rahma?

[16:45] Mama Twaha: Mkebe wa kijani nimeuona kabatini kwa shangazi. Mfuniko una ufa.

[16:46] Mama Rahma: Ulipotoka kwangu haukuwa na ufa.