Waliovuka Ruvuma: tuwapokee au warudi kwao?

Mama Tandahimba: Ndugu zangu, nina mgeni. Juzi alfajiri nimemkuta kwenye banda langu la korosho na mtoto wa kama miaka minne. Walivuka mto siku moja kabla, wametoka Cabo Delgado, Msumbiji. Kitambulisho chake kimelowa, amekitia kwenye mfuko wa nailoni akaufunga kwa kamba ya mgomba. Jirani ananiambia nimfukuze kabla sijakamatwa naye. Ana haki ya kubaki au hana?

Wa Shangani: Mpeleke uhamiaji, mama. Anayetaka kuishi nchini kuna vibali: daraja A la wawekezaji, B la waajiriwa, C la wengine kama wanafunzi. Hatuwezi kubeba kila Mmawia anayevuka mto. Mmesahau kijiji chetu cha Kitaya kilivyovamiwa na wanamgambo, Oktoba 2020? Wale walitokea ng'ambo hiyo hiyo.

Mwana Newala: Kila nani? Bibi yangu mzaa mama alivuka Ruvuma akiwakimbia Wareno, akapokelewa kambini Rutamba, hapo Lindi. Alikuwa na ndonya, kile kipande cha mti mdomoni, na chale usoni. Sokoni walimwita hivyo hivyo mpaka anaingia kaburini. Sisi ni Wamakonde, wa huku na wa kule. Futa hilo neno "Mmawia", ni la dharau.

Wa Shangani: Sijamtukana mtu. Babu yangu alilisema, Mtwara nzima inalisema. Jibu la Kitaya.

Mwana Newala: La Kitaya sijibu mpaka ufute.

Mwalimu Masasi: Wanangu, mgeni wa mama bado yuko bandani. Hivyo vibali ni vya mtu mwenye pasipoti na pesa ya ada, huyu kakimbia risasi. Kule vita vilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, Machi 2021 vikafika Palma. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 imefuata mkataba wa wakimbizi wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1969: si lazima uwe umewindwa wewe kwa jina, vita vikivuruga kwenu inatosha kuomba hifadhi. Lakini ajitokeze ndani ya siku saba tangu aingie, hata kwa mtendaji wa kijiji.

Kivukoni Kilambo: Ni siku thelathini, mwalimu, nilisikia redioni. Na sheria gani hiyo, wakati 2021 watu walirudishwa Msumbiji kwa maelfu kupitia mpaka wa Negomano?

Mwalimu Masasi: Ni saba. Hayo ya Negomano UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, waliyapinga waziwazi, na mimi nayapinga. Mtu harudishwi mahali roho yake iko hatarini.

Dada wa Mikindani: Mnasema ya wakimbizi, ya ndoa je? Sheria ya uraia ya 1995 inampa mke wa Mtanzania nafasi ya kuomba uraia kwa ndoa yake. Mimi Mtanzania nimeolewa na Mmsumbiji, mume wangu mlango huo hana, anahesabiwa miaka ya ukaazi kama mgeni yeyote. Watoto wangu wanamwona baba yao akihangaikia karatasi kila kibali kikikaribia kuisha. Hili mbona halijadiliwi?

Kivukoni Kilambo: Dada, si ungeoa wa hapa hapa.

Dada wa Mikindani: Mimi sikuoa, nimeolewa. Na wa kuolewa naye nilimchagua mwenyewe. Nyamaza kama huna la kusaidia.

Mwana Newala: Pole sana dada. Ila Wa Shangani hajafuta.

Wa Shangani: Nimefuta. Sikujua lilimuumiza bibi hivyo. Lakini na wewe ujue, shemeji yangu alichomewa nyumba Kitaya, akatoka na kanga aliyovaa. Nikisikia mtu kavuka usiku, moyo unanienda mbio.

Mwana Newala: Pole, njomba. Hata huyu mgeni wa mama kachomewa, ndiyo maana yuko bandani.

Mama Tandahimba: Kesho ni siku ya tano tangu avuke. Asubuhi nampeleka kwa mtendaji. Kiswahili chake ni "maji" na "mtoto" tu, na Kimakonde chake nakipata nusu nusu. Nani anaweza kuja?

Mwana Newala: Nakuja, mama. Hicho ndicho alichonilea nacho bibi. Nielekeze banda liko upande gani wa barabara.